NENO “NI MLEVI TU” LINATUULIA NDUGU ZETU

Liko neno moja fupi ambalo limekwisha kuzika watu, na wanaolisema hawajapata kuitwa hata barazani kuulizwa. Neno lenyewe ni hili: “Ni mlevi tu.”

Linasemwa mbele ya baa saa saba za usiku, mtu amelala kando ya mtaro. Linasemwa na dereva anayempita. Linasemwa na mlinzi, na askari wa zamu, na mhudumu wa hospitali aliyechoka. Linasemwa na jirani, na shemeji, na hata na kiongozi wa tawi. Nami ninayeandika maneno haya nimelisema. Nitalieleza hilo kwanza, ili asije mtu akadhani mwandishi anawanyoshea wenzake kidole naye mikono yake ni safi.

Miaka michache iliyopita alikuwako mtaani kwetu kijana mmoja fundi seremala. Hakuwa mlevi wa kutajwa. Siku za kazi hakunywa. Jumamosi akishapata fedha zake za wiki alikwenda na wenzake baa, wakanywa, wakacheka, wakarudi. Usiku mmoja wa mvua wenzake walimleta nyumbani wamemshika mabega. Wakasema ameteleza kwenye ngazi za nje ya baa, taa ilikuwa imekufa, akagonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Lakini aliinuka mwenyewe, akacheka, akawatania, wakatembea.

Majirani tukatoka. Mama yake akauliza, “Jamani, mbona anatapika namna hii?” Mimi nikajibu, kwa sauti ya mtu mzima ajuaye mambo, “Mama, hiyo ni pombe tu. Mlazeni, asubuhi itakuwa imekwisha.” Tukamlaza chali. Akaanza kukoroma kwa nguvu, nasi tukacheka, tukasema fundi anapiga randa usingizini.

Asubuhi hakuamka. Daktari alituambia kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu usiku kucha, ikaubana ubongo. Akasema kule kukoroma hakukuwa usingizi. Akasema kama tungalimfikisha usiku ule ule huenda angalipona.

Msibani watu walisema, “Ajali haina kinga.” Nami nikaitikia.

Leo nasema waziwazi: si kweli. Ajali ile ilikuwa na kinga tano, na kila kinga ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa amelala. Taa ilikuwa ya mwenye baa. Ngazi zisizo na mahali pa kushika zilikuwa za mwenye baa. Mtaro usiofunikwa ulikuwa wa halmashauri. Kumpeleka hospitali badala ya nyumbani kulikuwa kazi ya wenzake. Na kumsikiliza mama aliyeuliza swali la haki kulikuwa kazi yangu. Yule mama hakusoma udaktari, lakini yeye peke yake ndiye aliyeona.

HATUHUBIRI

Kabla sijaendelea, nataka tuelewane. Gazeti hili lina wasomaji wanaokunywa na wasiokunywa. Asiyekunywa kwa ajili ya dini yake au afya yake au mfuko wake, twamheshimu. Anayekunywa bia mbili na wenzake baada ya kazi si adui wa nchi. Wazee wetu walikuwa na mbege na ulanzi na tembo kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kuonekana, na pombe ile ilikuwa na masharti yake: nani anywe kwanza, nani asinywe kabisa, nani awapeleke wageni nyumbani.

Shauri letu leo ni jingine. Shauri letu ni wale wanaotoka nyumbani Jumamosi jioni wakitembea kwa miguu yao, wamevaa vizuri, wanakwenda harusini, au kwenye muziki, au kuangalia mpira baa, kisha wanarudi wamebebwa. Hawakupigana na mtu. Hawakuibiwa. Wameanguka, wamegongwa, wamejikata, wamezama. Twaita “ajali”, tunalipia sanda, tunaendelea.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake mwaka 2024. Lilisema kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani. Kati ya hivyo, vifo 724,000 vilitokana na majeraha ya kila namna: ajali za barabarani, kujidhuru na kupigana. Barabarani peke yake ajali za pombe ziliua watu 298,000. Na sasa sikilizeni vizuri: kati ya hao wa barabarani, 156,000 hawakuuawa na ulevi wao wenyewe. Waliuawa na ulevi wa mtu mwingine.

Zaidi ya nusu, ndugu zangu! Mama aliyekuwa akivuka kwenda kuuza maandazi alfajiri. Mtoto mgongoni. Mzee anayetoka kuswali. Abiria aliyepanda pikipiki bila kujua kwamba anayemwendesha ametoka kaunta.

WANAOSEMA “SHAURI YAKE”

Nilipolileta jambo hili katika mkutano wa tawi letu, mwanachama mmoja mwenye heshima alisimama akasema, “Ndugu mwenyekiti, chama kina mambo makubwa. Mtu akinywa akaanguka, hiyo ni shauri yake.” Watu wakapiga makofi. Nataka nimjibu hapa, mbele ya wasomaji wote, kwa adabu lakini bila kuficha.

Kwanza, hesabu ya wafu tuliyoitaja hapo juu imekwisha kumjibu. Lakini tuache hiyo. Tuseme yule mtu ameanguka peke yake mtaroni, hakumgonga mtu. Je, ni shauri yake?

Mguu uliovunjika ni wa nani? Ni wa fundi mwenye wanafunzi wawili wanaomtegemea. Ni wa mpagazi anayelisha watu sita. Anapolala wodini wiki nane na mguu umening’inizwa, nani anampikia? Mkewe ameacha biashara yake ya mboga. Nani analipa? Ndugu wamechanga, wameuza mbuzi, wameazima. Kitanda anacholalia ni cha umma, na damu aliyoongezewa imetolewa na mwananchi. Mtu hamiliki mguu wake peke yake. Sisi tuliojifunza kuitana ndugu tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Pili, yule anayesema “shauri yake” anadhani mlevi alichagua kuanguka. Hapana. Hebu tuitazame pombe inavyofanya kazi, maana adui usiyemjua humpigi.

Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi za pombe kavu. Mwili huiondoa polepole, kwa kadiri ya saa mbili au tatu kwa chupa moja. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi hayaharakishi. Supu ya asubuhi haiharakishi. Hivyo vyote vinamfanya mlevi mwenye usingizi awe mlevi aliye macho, basi.

Sasa pigeni hesabu. Mtu wa kilo 70 ameanza kunywa saa mbili usiku, amemaliza chupa nne saa sita usiku. Anakwenda kulala. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, ananawa uso, anawasha pikipiki akatafute abiria wa kwanza. Anasema, “Mimi nilikunywa jana.” Si kweli. Damuni mwake pombe ya jana ingali ipo. Mwanamke wa uzito ule ule akinywa kiasi kile kile, itakuwapo nyingi zaidi, maana mwili wake una maji machache ya kuizimua.

Tena pombe haianzi kwenye miguu. Inaanza kwenye akili ya kupima hatari. Kabla mtu hajapepesuka, amekwisha kupoteza kitu muhimu zaidi: ile sauti ya ndani inayosema “ngoja kwanza.” Kwa hiyo kumwambia mlevi “jiangalie” ni sawa na kumwambia kipofu “tazama mbele.” Chombo cha kujiangalia ndicho kilichozimwa. Ndiyo sababu kinga lazima iwe nje ya kichwa chake: kwenye taa, kwenye ngazi, kwenye rafiki, kwenye sheria.

MAHALI WANAPOANGUKIA

Walevi hawaanguki angani, ndugu wanachama. Wanaanguka mahali, na mahali pana mwenyewe.

Tembeeni usiku katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, wakati wa masika. Baa na grosari zimejipanga kando ya barabara. Mbele ya nyingi kuna mtaro wa maji ya mvua, wa kina cha kiuno au zaidi, na juu yake kumetupwa ubao mmoja au magunia ya mchanga ndiyo daraja. Mchana mtu mzima mwenye akili timamu anavuka kwa kuangalia. Usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika, mtu ana chupa tano. Mtaro umejaa, hauonekani mwisho wake. Mtu hahitaji bahari ili azame. Mlevi aliyeanguka kifudifudi huzama katika maji ya kina cha shubiri moja.

Nendeni kwenye fukwe siku za sikukuu. Vijana wanakunywa juani, halafu wanaingia majini kuoga. Pombe imewaambia kwamba wao ni waogeleaji hodari. Imewaficha uchovu na baridi. Mwenzao anapozama wanadhani anafanya mzaha.

Angalieni vidole na nyayo za wahudumu wa baa. Chupa zimevunjika chini ya meza, na anayezipita ni msichana aliyevaa kandambili, anayefanya kazi mpaka alfajiri kwa mshahara mdogo. Yeye hakunywa hata tone. Hata yeye ataambiwa ni shauri yake?

Liko na jeraha jingine ambalo wengi hawalijui. Mtu amelewa, amelala kitini, mkono ameuning’iniza nyuma ya kiti. Mtu mwenye fahamu mkono ukifa ganzi huamka, akajigeuza. Mlevi haamki. Mshipa wa fahamu unabanwa saa nyingi, na asubuhi kiganja kimelegea, hakiinuki. Waingereza wanauita ugonjwa wa Jumamosi usiku. Wengi hupona, lakini kwa wiki nyingi au miezi. Mwambieni cherehani wa mtaani kwenu akae miezi miwili bila mkono wa kulia, kisha mwambieni hiyo ni starehe.

Na juu ya yote ni bodaboda. Hatuwachukii vijana wa bodaboda. Ni watoto wetu, wanatafuta riziki, na usiku wao ndio wanaotufikisha nyumbani. Lakini tuseme kweli. Mlevi anayepanda nyuma ya pikipiki hajui kujishika, anayumba kwenye kona, analala njiani. Kofia ngumu hakupewa, au alipewa akaikataa kwa kuwa inanuka jasho. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliokusanywa na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ndiyo kinga wanayosema ajali haina! Imetundikwa kwenye usukani, haivaliwi.

WANAOSEMA “PESA ZA KODI”

Wako wengine wenye hoja ya pili. Wanasema, “Bia inaleta kodi. Baa inaleta ajira. Mkibana sana mtaua uchumi.”

Hoja hii si mpya. Ilikuwako kabla ya Uhuru, tena ilisemwa Kiingereza. Huko Durban, Afrika Kusini, mwaka 1909 wakubwa wa mji walianzisha mpango wa kushika peke yao biashara ya pombe ya Mwafrika. Mwafrika akanywa katika vilabu vya mji, faida ikaingia katika mfuko wa mji, na mfuko ule ukalipia gharama za kumtawala yeye mwenyewe. Mpango ukapendeza. Katika miaka ya 1920 Nairobi nao wakauiga. Mtu akilewa, analipa. Akilipa, anajengewa choo. Akishukuru kwa choo, anarudi kunywa. Wananchi waliielewa hila hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, wapiganaji wa Kenya walipotaka kuonyesha nguvu ya umma mjini Nairobi, mambo waliyoyagomea yalikuwa mabasi, sigara na bia ya Mzungu. Walijua fedha zao zinakwenda wapi.

Leo serikali ni yetu na kodi ni yetu, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini swali limebaki lile lile: fedha inayotoka kwenye chupa inarudi kwa nani? Kama halmashauri inapokea ada ya leseni ya baa, basi ifunike mtaro ulio mbele ya baa ile ile. Kama haifuniki, tunaiuliza kwa haki ya wenye mali: ninyi mna tofauti gani na wale wa vilabu vya zamani?

Tena anayetetea kodi asituletee ukurasa mmoja wa daftari. Alete na wa pili: vyuma vya kuungia mifupa, vitanda, damu, siku za kazi zilizopotea, yatima wanaohitaji ada. Mfanyabiashara anayehesabu mapato bila matumizi hufilisika, tena akiwa anacheka.

WANAOSEMA “SHERIA IPO”

Hoja ya tatu ndiyo ya waheshimiwa. “Sheria ipo,” wanasema, kisha wanakunja nguo zao wanakaa.

Ni kweli, sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliweka kiwango cha pombe kwa dereva: miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mtu wa kilo 70 akinywa chupa tatu za bia ndani ya saa mbili kwa kawaida amekwisha kukivuka. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 50, na kwa madereva vijana 20. Lakini hata hicho cha 80 kina maana gani usiku, mahali ambapo hakuna anayepima? Kipimo cha pumzi kilichofungiwa kabatini ni pambo la ofisi.

Huko New South Wales, Australia, mwaka 1982 polisi walianza kusimamisha dereva yeyote na kumpima pumzi, hata kama hakuonyesha dalili ya ulevi. Vifo vya barabarani vikashuka. Hawakubadili watu wao wakawa malaika. Ila kila mwenye gari alijua kwamba usiku wowote, barabara yoyote, anaweza kupimwa.

Jirani zetu wa Kenya nao walileta kipimo barabarani mwezi Desemba 2013. Wenye baa wakalia, walevi wakalia, mambo yakafika mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kanuni zile hazikuafikiana na sheria mama. Tujifunze hapo: anayetaka kuokoa watu aandike sheria yake vizuri tangu mwanzo, maana walio na faida watatafuta tundu, na wakilitafuta watalipata.

Wala wasituambie kwamba nchi yetu haiwezi. Mnakumbuka viroba? Pombe kali katika vifuko vya plastiki, rahisi kama pipi, inaingia mfukoni mwa dereva na mwa mwanafunzi. Tuliambiwa haviondoki, ni biashara kubwa mno. Tarehe 1 Machi 2017 vikapigwa marufuku, na viwanda havikuanguka kutoka mbinguni. Uganda nayo ikafuata mwaka 2019. Basi serikali ikitaka, inaweza. Swali ni kutaka.

TUNAYOYATAKA

Hatuandiki ili kulia tu. Twataka mambo sita, nayo hayahitaji mkopo wa nje.

La kwanza. Baa, grosari au ukumbi wowote usipewe leseni wala kuongezewa mpaka njia yake ya kutokea iwe na taa, ngazi zake ziwe na mahali pa kushika, na mtaro ulio mbele yake uwe umefunikwa. Afisa atakayetia sahihi bila kwenda kuangalia, jina lake lisomwe katika baraza la madiwani.

La pili. Polisi wapime pumzi usiku wa Ijumaa, Jumamosi na sikukuu, na tena alfajiri, pale walipo watu: karibu na kumbi na baa, na kwenye vijiwe vya bodaboda. Apimwe mwenye gari kubwa sawasawa na mwenye pikipiki. Sheria inayomkamata maskini na kumpigia saluti tajiri si sheria, ni dharau.

La tatu. Kila bodaboda wa usiku awe na kofia mbili, na abiria anayekataa kuvaa asibebwe. Vyama vya bodaboda vilisimamie hili vyenyewe, kama vinavyosimamia zamu za kijiwe.

La nne. Majeruhi atibiwe kwanza, karatasi baadaye. Wengi wanaogopa kumgusa mlevi aliyeumia kwa sababu ya fomu ya polisi, ile PF3, na maswali yake. Wanasema, “Nikimbeba nitalala kituoni.” Hofu hiyo iondolewe kwa tangazo lililo wazi, libandikwe kila kituo cha polisi na kila zahanati.

La tano. Hospitali ziandike si jeraha tu, bali mahali lilipotokea. Mji wa Cardiff, huko Wales, ulianza mpango wa namna hii tangu miaka ya 1990 kwa watu waliojeruhiwa katika ugomvi: hospitali ikaandika mahali na saa, bila majina ya watu, ikapeleka habari kwa polisi na wakubwa wa mji, nao wakajua mtaa upi na ukumbi upi una matatizo. Tufanye hivyo kwa wanaoanguka na kugongwa pia. Baa moja ikivunja miguu ya watu kumi kwa mwaka, hiyo si bahati mbaya tena. Hiyo ni ngazi mbovu.

La sita linatuhusu sisi wenyewe. Tukimaliza mkutano tunakwenda wapi? Tukishinda uchaguzi wa kata tunafanya nini? Nani anawanunulia vijana bia za bure, halafu anapanda gari lake na dereva wake, akiwaacha watafute usafiri saa nane za usiku? Kiongozi anayenunua raundi bila kununua nauli asiitwe mkarimu. Kila tawi liweke desturi hii: penye sherehe, wawepo watu wawili wasiokunywa siku hiyo, na kazi yao iwe kuhakikisha kila mtu amefika kwake. Wazee wetu walikuwa na desturi hiyo. Hatuoni haya kuwa nyuma yao?

KILA MMOJA AYAJUE HAYA

Serikali ikichelewa, ninyi msichelewe. Kateni sehemu hii ya gazeti mkaibandike ukutani.

Mtu aliyelewa akagonga kichwa si mlevi tena, ni mgonjwa, hata kama aliinuka akacheka. Wako wanaozinduka, wakaongea vizuri kwa saa nzima au zaidi, kisha wakazama tena. Mkiona haamki mnapomwita na kumfinya, au anatapika tena na tena, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, au maji au damu inatoka sikioni au puani, au anapumua kwa kukoroma kusiko kwa kawaida yake, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku ule ule. Na daktari akisema “ni pombe,” mwambieni kwa heshima, “Daktari, aligonga kichwa.” Rudieni mpaka asikie.

Mlevi aliyelala asilazwe chali, maana matapishi yatamziba pumzi. Mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo. Ikiwa alianguka kutoka juu au amegongwa, msimvute ovyo ovyo. Kichwa na shingo viende pamoja na mwili. Msimwache peke yake. Msimlazimishe kahawa wala chakula. Akiwa ametumbukia shimoni au majini, Zimamoto na Uokoaji ni namba 114. Polisi ni 112.

Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu mmoja tu katika kundi anayekataa kusema lile neno.

Ndugu wanachama, yule mama wa fundi yuko hai. Tunakutana dukani. Hajapata kunilaumu hata siku moja, naye hunisalimu kwa heshima, “Hujambo, baba,” na mimi huitikia nikiangalia chini. Randa ya mwanawe bado ipo nyumbani kwake, ameifunga kwa kitambaa, amekataa kuiuza. Mimi nilikuwa mtu mzima niliyejua mambo. Yeye aliuliza swali, nami nikamnyamazisha kwa maneno matatu.

Basi Jumamosi hii, mtaani kwenu, mtu ataanguka. Watu watamzunguka. Mmoja atacheka, mmoja ataondoka, na mmoja atafungua kinywa kusema, “Ni mlevi tu.” Mwanachama wa kweli atakayekuwapo hapo amnyamazishe huyo wa tatu, apige magoti, amshike mgonjwa kichwa, aulize kwa sauti kubwa: “Amegonga wapi?”

Uhuru na Umoja!